Kugawana intaneti ya Wi-Fi kati ya kompyuta mbili za nyumbani kwa kebo

Nyumba nyingi za zamani katika Mji wa Kale, Mombasa, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake ni nene kiasi kwamba mawimbi ya Wi-Fi hufika chumba cha ndani yakiwa yamefifia, au yasifike kabisa. Kwa shangazi yangu, Kibokoni, laptopu iliyowekwa karibu na dirisha la ukumbini ilipata mtandao vizuri, ilhali kompyuta ya mezani ya watoto, iliyokuwa chumba cha pili na isiyo na kadi ya Wi-Fi, haikupata chochote. Tuliziunganisha kwa kebo moja tu. Maelezo haya ni ya kompyuta zenye Windows 10 au 11.

Kebo inayotakiwa ni ile ya mtandao, ya aina ya Cat5e au Cat6, yenye nyaya nane ndani na kichwa cha RJ45 kila upande. Pima njia ambayo kebo itapita, pembezoni mwa ukuta na juu ya mlango, kwa kuwa ukipima mkato utajikuta umepungukiwa na mita kadhaa. Kikomo chake ni mita 100, hivyo nyumba ya kawaida haina shida. Zamani kuunganisha kompyuta mbili moja kwa moja kulihitaji kebo ambayo nyaya zake zimepishanishwa, lakini kadi za kasi ya gigabiti hujirekebisha zenyewe, na kebo ya kawaida inatosha. Laptopu nyembamba isiyo na tundu la kebo itahitaji adapta ya USB. Chunguza pia pini zilizo ndani ya tundu la kompyuta kuukuu, maana upepo wa bahari una chumvi na pini zilizoshika kutu hukatakata mawasiliano.

Sasa tuje kwenye mipangilio, ambapo jambo moja lapaswa kueleweka kabla ya kugusa chochote: kugawana huwashwa kwenye muunganisho unaoleta intaneti, yaani Wi-Fi ya laptopu, wala si kwenye kebo inayoipeleka. Wengi hukosea hapa, kisha wakailaumu kebo. Ingia kwenye laptopu kwa akaunti yenye mamlaka ya msimamizi, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, kisha bonyeza Enter. Bofya Wi-Fi kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua Properties, fungua kichupo cha Sharing, utie alama kwenye kisanduku cha kwanza. Ukiona orodha ya miunganisho chini yake, chagua Ethernet. Ukikubali, laptopu itajipa anwani (namba inayoitambulisha kwenye mtandao) 192.168.137.1 upande wa kebo, na kuanzia hapo yenyewe ndiyo lango la kompyuta ya pili.

Kompyuta ya pili usiiandikie anwani kwa mkono. Iache ipewe yenyewe. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), uandike ipconfig. Anwani inayoanza na 192.168.137 ni dalili njema. Inayoanza na 169.254 maana yake kompyuta haikupewa anwani: tazama kama taa ndogo ya kwenye tundu inawaka, halafu uondoe alama ya kugawana na kuirudisha. Anwani ikiwa sahihi na bado kurasa hazifunguki, zima kwanza VPN ya laptopu (programu inayopitisha mtandao kwa njia ya siri), kama ipo, ujaribu tena.

Kwa anayenunua bando, kuna jambo linalonigusa zaidi ya hayo yote. Windows huchukulia kwamba intaneti ya kebo haina kipimo, kwa hiyo hata kama laptopu imeambiwa ibane matumizi, kompyuta ya pili haijui hilo na inaweza kupakua masasisho makubwa hadi bando likaisha kabla ya jioni. Katika kompyuta hiyo ya pili, fungua Settings, kisha Network & Internet, kisha Ethernet, uwashe Metered connection. Fanya hivyo siku hiyo hiyo ya kwanza, kabla hujawakabidhi watoto.

Baada ya laptopu kuzimwa na kuwashwa, wakati mwingine kugawana hukataa kuanza. Andika services.msc pale pale ulipoandika ncpa.cpl, tafuta Internet Connection Sharing, ubadilishe namna yake ya kuanza iwe Automatic. Laptopu ikilala, kompyuta ya pili nayo hukosa mtandao. Kwa shangazi, kila alipofunika laptopu akaswali, watoto walikuwa wakiita kutoka chumba cha pili, hadi tulipoiagiza kwenye mipangilio ya umeme isilale inapofunikwa ikiwa kwenye chaji.