Mti Wenye Uyoga: Usiukate Ukaacha Kisiki

Kosa ni lile lile kila msimu. Mkulima anaona uyoga wa rangi ya asali umejazana kwenye kitako cha mti, anaung'oa, anadhani kamaliza. Mti unakufa hata hivyo. Anaukata, anaacha kisiki, halafu anapanda mche mpya pembeni yake. Baada ya miaka michache mche nao unakauka, lawama zinaenda kwa mwenye kitalu. Mwenye kitalu hana kosa.

Uyoga ule ni tunda tu. Kuvu yenyewe, Armillaria, imo kwenye mizizi na chini ya gome. Bandua gome usawa wa ardhi kwa kisu: ukikuta utando mweupe umeshikamana na mti, unanukia uyoga, basi ndiyo hiyo. Kutoka hapo hutuma nyuzi nyeusi udongoni, hasa kwenye sentimita 30 za juu, na kwa mwaka huweza kusogea hata mita 1. Kisiki ni ghala lake la chakula. Humo inaishi miaka mingi mti ukiwa umeshasahaulika. Katika msitu wa Malheur, Oregon, Marekani, kuvu moja ya jamii hii imeenea takriban hekta 965.

Kwa hiyo kisiki kichimbwe. Fuata kila mzizi wenye unene wa sentimita 1 na zaidi, hadi kina cha sentimita 60. Sentimita 60, si 20! Wengi mkigonga jiwe la kwanza mnafukia na kwenda zenu. Mizizi iliyotoka ikauke na kuchomwa hapo hapo. Usiisage kuwa matandazo, wala usiiburute kupitia shamba lililo zima.

Kama ni miti mizima unayotaka kuiondoa ili upande zao jingine, anza mwaka mmoja kabla, ikibidi miwili. Bambua gome kuzunguka shina lote, upana usiopungua sentimita 10, hadi mti mweupe uonekane pande zote. Ukiacha hata ukanda mwembamba wa gome, umefanya kazi bure. Machipukizi yakitokeza chini ya sehemu uliyobambua, yaondoe mara moja, maana yanailisha mizizi. Lengo ni wanga wa mizizini uishe ili kuvu ikose cha kula. Usishike shoka mpaka mti ukauke kabisa. Hapa ndipo subira inapowashinda watu.

Kisiki kisichochimbika, labda kiko kando ya ukuta, kizungushie karatasi nzito ya plastiki iliyosimamishwa kwenye mfereji wa kina cha sentimita 45, ukingo wake ubaki juu ya udongo sentimita 2 hadi 3. Mfereji usipite katikati ya mti mgonjwa na jirani yake anayeonekana mzima. Upite nyuma ya huyo jirani, kwani mara nyingi naye ameshaguswa mizizini.

Msiniulize dawa ya kumwaga. Ya kuponya mti ulioshikwa mizizini haipo, na anayekuuzia anakula pesa yako.

Si kila uyoga ni adui; mwingine hula magogo yaliyokwisha kufa tu, uacheni.

Shimo likae wazi mwaka mzima kabla ya kupanda tena. Mche ukichipua vizuri na gome la chini likabaki safi, endelea. Ila ukague miti iliyo jirani kila mvua zinapoanza.