Kubadilisha bushi za springi za mbele kwenye Hilux ya zamani (LN106)

Mteja mmoja anayebeba viazi kutoka vijiji vya Njombe aliniletea Hilux yake ikigonga mbele kila ikipita kwenye shimo. Bushi, yaani mipira inayovaa pini za springi, alikuwa amefungiwa miezi mitatu nyuma, mpya, na mpira wake ulikuwa mzuri. Nilipochomoa pini ya kwanza nikapitisha ukucha juu yake, ukucha ulikwama. Pini ilikuwa imelika, imefanya ngazi katikati, na hiyo ngazi ndiyo iliyokuwa ikitafuna mpira mpya. Aliyemfungia alibadilisha bushi akaacha pini zilezile. Fedha ya mtu ilipotea bure, na ndiyo sababu naandika kazi hii kwa urefu.

LN106 ni ile Hilux ya magurudumu manne yanayovuta, dizeli ya lita 2.8, iliyotoka kati ya 1988 na 1997. Mbele ina ekseli nzima, imelalia springi za vyuma bapa vilivyobebana kama za lori. Kila springi ina macho mawili, yaani matundu ya mviringo kwenye ncha zake. Moja limeshikwa kwa pini moja kwa moja kwenye chesisi. Jingine limeshikwa na shakeli, yaani mabamba mawili yenye pini mbili, na shakeli nayo juu imeshika jicho lililoko kwenye chesisi, kwa sababu springi ikibonyea inarefuka na lazima ipate pa kwenda. Kila jicho lina bushi ya vipande viwili, kimoja kinaingia kutoka kila upande. Macho matatu upande mmoja ni vipande 6, gari zima mbele ni 12. Nunua vyote 12. Kubadilisha upande mmoja tu kunaliacha gari likivuta.

Kabla ya kununua, hakikisha ugonjwa ni huo. Gari likiwa limesimama kwa matairi yake, mwambie mwenzako ayumbishe usukani kushoto na kulia huku injini inanguruma, wewe ukiwa chini pembeni unatazama macho ya springi. Bushi nzima hujipinda kidogo tu. Iliyokufa utaona springi inahama kwanza ndipo ekseli ifuate. Kisha ingiza ncha ya mtaimbo kati ya shakeli na springi, sukuma. Chuma kikigusa chuma, umepata jibu. Tazama pia kama mpira umechomoza nje umepasuka, au shakeli moja imelala kuliko mwenzake. Usisahau tairodi endi (viungo vya fimbo za usukani) na beringi za nakoli (egemeo ambalo gurudumu hugeukia), maana nazo huleta usukani unaotangatanga, na bushi mpya hazitaziponya.

Kuhusu spea: mimi hufunga mpira. Bushi za plastiki ngumu, zile za rangi, hudumu muda mrefu, ila gari huwa gumu, na bila grisi ya silikoni hulia kwenye kila tuta. Kwa gari la mzigo kwenye barabara ya vumbi, mpira unampunguzia dereva mateso. Dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Kirinyaga Road ya Nairobi, ukunje ukingo wa bushi kwa vidole. Ukiona unafanya nyufa nyeupe, rudisha. Chukua na pini mbili za chesisi na shakeli mbili kama zako zimelika, na kwa gari la umri huu mara nyingi zimelika.

Siku moja kabla, piga brashi ya waya kwenye nati zote sita za pini, zipulizie mafuta ya kulegeza kutu, rudia jioni. Asubuhi utanishukuru.

Sasa kazi yenyewe.

1. Egesha mahali pagumu na tambarare. Weka vizuizi kwenye matairi ya nyuma pande zote mbili. Legeza kidogo nati za tairi za mbele, na legeza nusu mzunguko nati za pini zote gari likiwa bado chini, maana halitayumba unapovuta spana yenye bomba.

2. Inua chesisi kwa jeki, weka stendi mbili chini ya chesisi nyuma ya mabano ya springi. Kama huna stendi, tumia magogo ya mti mgumu yaliyokatwa sawasawa. Tofali la saruji usiliamini hata kidogo: linapasuka ghafla bila kukuonya, na wewe uko chini. Gari likitulia, litikise kwa nguvu zako zote kabla hujaingiza kichwa.

3. Toa tairi. Weka jeki ya pili chini ya ekseli, upande unaofanyia kazi, uipandishe mpaka springi iwe haibebi gari wala haining'inizi ekseli. Hapa ndipo kazi inakuwa rahisi au jehanamu. Jeki ikiwa juu au chini sana, pini itabanwa na hutaichomoa kwa nyundo yoyote. Pandisha na kushusha polepole, huku ukiizungusha pini kwa spana. Itakapoanza kuzunguka kwa ulaini, umefika. Angalia paipu ya breki isivutwe.

4. Anza na shakeli. Toa nati mbili, vuta bamba la nje, kisha gonga bamba lenye pini kwa kipande cha mbao kati yake na nyundo. Upande wa pini ya chesisi usiuguse bado. Ukifungua ncha zote mbili kwa pamoja, ekseli itahama na utakula nusu siku kuirudisha.

5. Chokoa mpira wa zamani kwa bisibisi pana. Uking'ang'ania, ukate kwa kisu au utoboe kwa drili, kisha uvute. Usiuchome moto. Najua wengi wanachoma, na mpira unatoka haraka kweli. Lakini joto hilo linakilegeza chuma cha springi pale kwenye jicho, panapobeba uzito wote, na paipu ya breki iko karibu.

6. Safisha jicho kwa msasa mpaka chuma king'ae. Pini mpya au ya zamani, ipitie kwa ukucha kama nilivyosema. Ikiwa na ngazi, itupe.

7. Paka maji ya sabuni kwenye bushi, sukuma kipande kwa kidole gumba kutoka kila upande mpaka kingo zikae bapa. Grisi ya kawaida na dizeli vinaozesha mpira, usivitumie hapa. Rudisha shakeli, nati uzifunge kwa mkono tu.

8. Shakeli ikishakaa, nenda kwenye pini ya chesisi. Fungua bolti zinazolishika bamba lake, toa nati, chomoa, fanya vilevile. Springi ikihama milimita chache, mtaimbo unatosha kuirudisha. Kisha hamia upande wa pili.

9. Rudisha matairi, shusha gari. Sasa simama kwenye bampa ulibonyeze mara kadhaa ili springi zikae mahali pake, na hapo ndipo ukaze nati za pini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukizikaza gari likiwa juu, mpira unabanwa ukiwa katika mkao usio wake. Gari likishuka unabaki umejipinda siku zote, na unachanika mapema. Mafundi wengi wanakaza juu kwa sababu ni rahisi kufika. Ulazimike kulala chini, lala.

Endesha taratibu mtaani, piga breki kwenye barabara iliyonyooka ukishika usukani kwa wepesi. Gari lishike njia. Kama bado linavuta, peleka likapimwe alaimenti. Kwenye ekseli hii kinachorekebishwa ni mwelekeo wa matairi kuingia ndani au kutoka nje, basi. Baada ya kilomita 500 rudi chini na spana ukague nati zote sita. Yule wa viazi nilimwandikia namba hiyo kwa chaki kwenye dashibodi.