Jinsi ya kumpima mwanasiasa anayekuja kukukumbusha umedhulumiwa

Naandika haya mapema kabla uchaguzi wa Kenya wa 2027 haujafika, manake wakishaanza kuzunguka na magari ya spika hakuna mtu atasikia mwenzake tena.

Kwanza tuelewane, mimi sisemi malalamiko yetu ni ya uongo. Kwetu ni Kilifi, nyumba iko, minazi iko, makaburi ya mababu yako, hatimiliki ndo haipo, yaani sisi ni maskwota kwenye shamba alilozikwa babu wa babu yetu. Na hili halikutungwa na mwanasiasa. Mwaka 1908 mkoloni alileta sheria ya hati kwenye ule ukanda wa pwani wa maili kumi, kila mtu aje athibitishe shamba lake ni lake, sasa Mmijikenda, yaani sisi wenyeji wa pwani, ardhi yake ilikuwa ya ukoo, hakuna mtu alosema hii yangu peke yangu, wengi wakaachwa nje na ardhi isiyokuwa na mwenyewe kwenye karatasi ikawa ya serikali ya Mwingereza. Uhuru ukaja, karatasi zikabaki vilevile.

Kwahivo mheshimiwa akipanda jukwaani akasema mmedhulumiwa, anasema kweli. Hapo ndo pagumu. Mwongo ni rahisi kumpima, huyu wa kweli nusu ndo anataka utulivu.

Cha kwanza, usipige makofi. Toa simu urekodi, kisha ukae usikilize ukiwa umeshakula na hasira zimepoa. Sisi tulifanya hivo kampeni zilizopita, kuna mgombea alikuja uwanjani akauliza "mnaonewa hamuonewi?" na watu wote "tunaonewaaa!", mimi pia nilipiga kelele sikatai. Usiku barazani kwenye kahawa tukaiweka ile klipu katikati, karibu na sahani ya kashata, tukaanza kuhesabu. Neno "wale" alilitaja mara kumi na nne. Wale wamewachukulia, wale wanawacheka, wale mwaka huu watajua. Hatimiliki mara moja, na hapo alikuwa anatania. Kuna mzee wetu mmoja haongei sana, akanywa kahawa yake akauliza, "Sasa namba ya ploti amesema ngapi?" Watu wakacheka lakini ukiangalia hicho ndo kipimo chenyewe. Mwenye nia ya kukurudishia kitu anakitaja kwa jina lake.

Cha pili, tenganisha kilio na kinyongo, na hapa usikubali sheikh au mchungaji akuchanganye. Kuna wale ukilalamika tu wanakwambia samehe, subiri, yako iko mbinguni, na mara nyingine bahasha ya harambee bado iko mfukoni. Dini haisemi hivo. Kwenye Suratun Nisaa aya ya 148 Mwenyezi Mungu hapendi maneno mabaya yatangazwe, isipokuwa kwa aliyedhulumiwa, yaani ruhusa ya kupaza sauti umepewa na Mola mwenyewe, na Mtume alishaonya kwamba dua ya mdhulumiwa haina pazia baina yake na Mungu. Lakini fungua pia Maida aya ya 8, chuki yenu kwa watu isiwapeleke mkaacha uadilifu. Ruhusa ya kulia umepewa, ya kumuonea mwingine huna.

Upande wa Biblia, Waefeso 4 inasema mwe na hasira ila msitende dhambi, jua lisichwe na uchungu wenu bado haujawatoka. Sasa jua limekuchwa mara ngapi tangu 1908 hesabu mwenyewe, ndo maana mimi naona hiyo aya aisome kwanza yule aliyekalia shamba. Hadithi ninayoipenda zaidi ni ya Nabothi, 1 Wafalme 21, aliyeuawa kwa ajili ya shamba lake la mizabibu, tena kwa mashahidi wa uongo, tena kwa barua zenye muhuri wa mfalme (karatasi bwana, karatasi tangu zamani!). Nabii Eliya alipotumwa alienda kwa nani? Alienda kwa mfalme Ahabu mwenyewe. Hakwenda kuchoma vibanda vya majirani wa kabila la Ahabu.

Hapo tunaingia kipimo cha tatu, nacho kwangu ndo kikubwa: mzigo anabebeshwa nani. Qurani inasema mbebaji habebi mzigo wa mwingine, Ezekieli 18 inasema mwana hatabeba uovu wa baba. Vitabu viwili, jibu moja. Chukua mama anayeuza viazi sokoni, amekuja kutoka bara juzi juzi na mtoto mgongoni, analipa kodi ya chumba kama wewe. Yeye 1908 alikuwa wapi? Mwanasiasa akishafika kwake ujue ameshaacha shamba lako zamani. Ndo maneno kama "madoadoa", yaani watu wa makabila mengine waliohamia, kule Bonde la Ufa, mpaka ile tume ya utangamano NCIC ikayaweka kwenye orodha ya maneno ya chuki mwaka 2022.

Na usidhani hii ni ya watu wa dini peke yao. Nyerere mwaka 1961 kuna wabunge walitaka uraia wa Tanganyika uwe wa weusi tu, akawaambia wakipitisha hivo serikali yake inajiuzulu, na wale watu walikuwa na malalamiko ya kweli kabisa ya ukoloni. Baadae 1995 akasema ubaguzi ni kama kula nyama ya mtu, ukishaionja huachi.

Wanafalsafa nao wamegawanyika. Mjerumani Nietzsche aliona kinyongo cha wanyonge ni sumu, mtu ameshindwa kulipiza basi anageuza unyonge wake kuwa utakatifu. Kuna ukweli pale, wote tunamjua mtu ambaye ukimtoa kwenye kulalamika hana jina. Lakini Nietzsche hakuwahi kuamshwa na trekta alfajiri. Mimi naenda na Mwingereza Strawson, alisema kumkasirikia aliyekukosea ni njia ya kumhesabu kama binadamu mwenzako anayewajibika, manake mvua hatuikasirikii hivo. Kasirika basi, lakini na mtu mwenye jina na cheo.

Cha nne, muulize: haki ikipatikana kesho asubuhi, wewe utakosa nini? Kama atakosa kura, ujue hasira yako ndo mtaji wake. Angalia Likoni, kule Mombasa. Agosti 1997, miezi michache kabla ya uchaguzi, vijana walivamia kituo cha polisi, zikafuata wiki za mauaji na kuchomeana, zaidi ya watu 100 wakafa na maelfu ya watu wa bara wakahama. Uchaguzi ukapita. Wapwani walipata shamba gani? Walipata mahoteli bila watalii na vijana bila kazi. Mgogoro wa maskwota kwenye shamba la Waitiki pale pale Likoni, ekari 930, ulikuja kutatuliwa baadae sana, serikali ikalinunua lile shamba, Januari 2016 hati zikaanza kutolewa na watu wakaambiwa walipe 182,000 kila mmoja. Watu walilalamika juu ya hiyo pesa na walikuwa na haki, ila angalau pale ilikuwa ni ekari na shilingi, kitu unaweza kubishana nacho mezani.

Cha tano kifupi: katiba ya 2010 kifungu cha 67 inaipa Tume ya Ardhi kazi ya kuchunguza dhulma za kihistoria. Muulize mgombea kama amewahi kupeleka hata faili moja, la kijiji gani, lilifika wapi. Nyinyi wenyewe pia andikeni, majina ya wazee, makaburi, minazi ilipandwa lini na nani, mkapige picha.

Sisi tulimrudia yule mgombea. Mzee wetu akasimama na kofia yake mkononi, akauliza taratibu tu, "Mheshimiwa, ploti namba ngapi?" Akajibiwa, "Hilo mzee wangu tutaongea ofisini," halafu akageuka akampa ishara didjei, muziki ukapandishwa.