Somo: Kujenga na Kurusha Roketi ya Mfano Yenye Mota Tatu

Roketi ya mfano yenye mota moja, yaani kijibomba kimoja cha baruti kinachoisukuma juu, husamehe makosa mengi. Mota ikikataa kuwaka, roketi hubaki kwenye fimbo yake ya kuongozea, mrushaji hubadilisha kiwashio, kile kijiwaya cha umeme cha kuiwashia mota, na kujaribu tena. Roketi yenye mota tatu zilizoshikana kama ndizi za kichane kimoja haina msamaha huo, kwa sababu mbili zikiwaka na ya tatu ikabaki kimya, chombo kitaondoka hivyo hivyo, kikiwa na msukumo pungufu tena ulioelemea upande mmoja. Kwa hiyo msomaji asishangae akiona kwamba nimeyapita mambo ya mapezi na rangi kwa haraka, kisha nikakaa muda mrefu kwenye nyaya: katika roketi za aina hii, kazi kubwa iko kwenye kuwasha mota zote kwa pamoja.

Kwanza tuelewane kuhusu jina la kichala, ambalo ndilo nitakaloliita fungu hili la mota. Roketi ya Scout iliyopeleka setilaiti ya Uhuru angani kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970, ilikuwa na hatua nne zilizopangwa moja juu ya nyingine, na kila hatua iliwaka baada ya ile ya chini yake kumaliza kazi. Hicho si kichala. Kichala ni mota zilizokaa bega kwa bega na kuwaka kwa wakati mmoja, kama injini 8 za H-1 zilizoiinua roketi ya Marekani ya Saturn I kwa mara ya kwanza mwaka 1961.

Roketi ninayoieleza hapa hujengwa kwa bomba la karatasi ngumu la kipimo kinachoitwa BT-60, ambalo kipenyo chake cha ndani ni milimita 40 na nusu hivi. Mabomba matatu membamba ya BT-20, yenye kipenyo cha nje cha milimita 18.7 kila moja, yakigusanishwa hujaa ndani yake karibu bila nafasi, na kila bomba hupokea mota moja ya milimita 18. Mota ninazotumia ni C6-5 za kampuni ya Estes. Herufi C huonyesha kwamba jumla ya msukumo wake haizidi nyutoni-sekunde 10; tarakimu 6 ni wastani wa msukumo kwa nyutoni; tarakimu 5 ni sekunde za kusubiri kati ya mota kumaliza kusukuma na baruti ndogo ya mbele kufyatua parashuti. Mota hizi hununuliwa zikiwa tayari. Baruti ya kujitengenezea nyumbani haina nafasi katika mchezo huu, na sitajibu swali lolote linalohusu namna ya kuitengeneza.

Hatua ya kwanza: kichala chenyewe

Kata mabomba matatu ya mota kwa urefu ulio sawa kabisa, yasimamishe juu ya kioo au meza iliyonyooka, kisha yagandishe kwa mstari mwembamba wa gundi ya mbao pale yanapogusana. Yaache yakauke usiku kucha. Mabomba yakikaa mshazari, hata kwa kiasi ambacho jicho halikioni vizuri, kila mota itasukuma kuelekea upande wake, na hakuna pezi litakaloweza kurekebisha kosa hilo wakati wa sekunde ya kwanza, ambapo mwendo bado ni mdogo.

Baada ya hapo kuna kazi ambayo wanaoanza huiona ndogo, nayo ndiyo inayoamua kama roketi itarudi salama. Kati ya mabomba hayo matatu na ukuta wa bomba kubwa hubaki mianya minne, mmoja katikati na mitatu pembeni. Mianya hiyo ikiachwa wazi, gesi ya kufyatulia parashuti itavujia nyuma badala ya kuisukuma pua, na roketi itaanguka kama mkuki. Loweka vipande vya karatasi laini ya shashi katika gundi ya mbao, vishindilie ndani ya kila mwanya kwa kijiti, mbele na nyuma, kisha ukague kwa kushika kichala mbele ya taa. Ukiona nuru, rudia.

Kila bomba liwe na kishikizo cha chuma cha kuzuia mota isirudi nyuma. Mota moja ikichomoka wakati wa kufyatua, hupoteza shinikizo la zote.

Hatua ya pili: mwili, mapezi na parashuti

Mapezi yakatwe kwenye mbao ya balsa, nyuzi za mbao zikiwa sambamba na ukingo wa mbele wa pezi. Paka gundi kwenye pezi na kwenye bomba, acha ikauke kidogo, paka tena, ndipo ubandike. Mpira wa kuunganisha pua na mwili uwe angalau mara tatu ya urefu wa roketi, kwa kuwa baruti tatu za kufyatulia hutoa kishindo kikubwa kuliko moja. Parashuti ya kipenyo cha sentimita 60 inatosha kwa chombo cha gramu 220. Kati ya parashuti na mota weka karatasi maalumu isiyoshika moto.

Hatua ya tatu: uzito na uthabiti

Kila C6-5 ina uzito wa gramu 24 hivi, kwa hiyo kichala kinaongeza zaidi ya gramu 70 mkiani, mahali pabaya kuliko pote. Roketi huruka imenyooka pale tu ambapo kitovu chake cha uzito kiko mbele ya kitovu cha shinikizo la hewa, yaani mahali ambapo nguvu za hewa juu ya mwili na mapezi hujumlika, kwa umbali usiopungua kipenyo kimoja cha mwili, yaani sentimita 4 na kidogo kwa roketi hii. Weka mota zote tatu, karatasi na parashuti, tafuta mahali roketi inapojilinganisha ukiining'iniza kwa uzi, kisha pima. Ikiwa umbali hautoshi, gandisha udongo wa kufinyangia ndani ya pua hadi utoshe.

Sasa piga hesabu ifuatayo kabla hujaridhika. Gramu 220 ni sawa na nyutoni 2.16 za uzito. Mota tatu hutoa wastani wa nyutoni 18, ambazo ni zaidi ya mara nane ya uzito huo. Mota mbili hutoa 12, yaani mara tano na nusu, na kiwango cha chini ninachokikubali ni mara tano. Hii ndiyo sababu ya mimi kutoruhusu roketi yangu izidi gramu 240: naijenga kwa kudhani kwamba siku moja mota moja haitawaka. Mota zikibanwa karibu kama nilivyoeleza, kila moja iko milimita 11 hivi kutoka kwenye mhimili, na ikizima moja, msukumo wa mbili zilizobaki huhama kwa milimita 5 au 6 tu. Huo ni upungufu ambao mapezi makubwa huweza kuustahimili.

Hatua ya nne: kuwasha

Viwashio vitatu huunganishwa sambamba, kamwe si kwa mfuatano. Vikiwa kwa mfuatano, cha kwanza kuungua hukata sakiti na kuviacha vingine bila umeme. Vikiwa sambamba, kila kimoja hupata volti zote za betri na kujichukulia mkondo wake, lakini betri lazima iwe na nguvu ya kuvilisha vyote kwa mpigo. Kiwashio kimoja huhitaji ampea 2 hivi, kwa hiyo vitatu vinataka 6 au zaidi. Kile kidhibiti cha mkononi chenye betri nne ndogo hakifai hata kidogo. Mimi hutumia betri ya volti 12 ya asidi iliyofungwa, na waya nene ya milimita 1.5 za mraba, kwa sababu waya nyembamba hula volti njiani.

Pima kila kiwashio peke yake kwa mita ya omu kabla ya kukiingiza kwenye mota, na chenye tofauti kubwa na wenzake ukiweke kando. Kisha kiingize mpaka ncha yake iguse baruti, na ukifunge kwa kizibo chake cha plastiki. Ncha ikining'inia nusu sentimita chini ya baruti, itawaka bila kuwasha kitu, au itawasha kwa kuchelewa, na katika kichala kuchelewa ni sawa na kutowaka. Chukua mguu mmoja wa kila kiwashio, isokote yote mitatu pamoja, fanya vivyo hivyo kwa miguu iliyobaki, halafu tenganisha mafungu hayo mawili yasigusane hata upepo ukivuma.

Naomba msomaji atulie hapa. Taa ya kidhibiti inayoonyesha kwamba sakiti imekamilika huwaka hata kama kiwashio kimoja tu ndicho kilichoungwa vizuri, kwa sababu vimeungwa sambamba na kimoja tu kinatosha kupitisha umeme. Taa hiyo inakuambia kwamba si vyote vimekatika. Haikuambii kwamba vyote viko sawa. Nilijifunza jambo hilo katika shamba lililovunwa hapa Ohio, nilipoiamini taa bila kupima: mota mbili ziliwaka, roketi ikainama kuelekea upande wa mota iliyozima, na ikafyatua parashuti ikiwa tayari inashuka kwa kasi. Iliokoka, lakini pua ilipasuka.

Hatua ya tano: uwanjani

Kanuni za usalama za National Association of Rocketry, chama cha Marekani cha warushaji wa roketi za mfano, huangalia jumla ya msukumo uliobebwa. C tatu kwa pamoja huvuka nyutoni-sekunde 20 na kuingia daraja la E, ambalo uwanja wake unatakiwa uwe na upana usiopungua mita 300 hivi, hata kama ukishika mota moja mkononi unaona ni ya C tu. Watu wote wakae mita 9 au zaidi kutoka kwenye roketi, upepo usizidi kilomita 32 kwa saa, na fimbo ya kuongozea isielekezwe zaidi ya nyuzi 30 kutoka wima. Kwa chombo hiki fimbo iwe nene, ya milimita 5 au 6, na urefu wa mita 1.2 au zaidi. Hesabu kwa sauti, kisha bonyeza na ushikilie. Ikiwa hakuna kilichowaka, chomoa ufunguo wa usalama, subiri sekunde 60 kamili, ndipo mtu mmoja tu asogee.

Maswali ya wanachama

Swali kutoka Mombasa: Shikamoo mwalimu. Viwashio ni ghali. Je, siwezi kutumia utambi mmoja uliogawanyika mara tatu?

Marahaba, mwanangu. Hapana. Matawi ya utambi hayaungui kwa mwendo mmoja, na tofauti ya nusu sekunde inatosha kuondoa roketi kwa mota moja, ambayo katika chombo hiki haifikishi hata mara tatu ya uzito. Isitoshe, utambi ukishawashwa huwezi kuuzima mtoto akikimbilia uwanjani. Kanuni zinataka umeme kwa sababu hiyo.

Swali kutoka Minneapolis: Nina pakiti ya C6-0 iliyobaki. Naweza kuchanganya mbili na C6-5 moja?

Usifanye hivyo, ndugu yangu. C6-0 ni mota ya hatua ya chini. Haina muda wa kusubiri, na ikimaliza hupasukia mbele moto ukiwa mkali, takriban sekunde mbili baada ya kuondoka, wakati roketi iko katika mwendo wake mkubwa kabisa. Parashuti itatoka hapo na kuchanika. Tumia mota tatu za aina moja, ikiwezekana za pakiti moja. Vilevile usichanganye mota za baruti nyeusi na zile za mchanganyiko wa kisasa, kwani hizo za pili huchelewa kushika moto.

Swali kutoka Kisumu: Kaka yangu anakuja likizo kutoka Marekani. Anaweza kuniletea mota kwenye begi?

Hawezi. Mota hizi zimekatazwa kwenye ndege, katika begi la mkononi na lile la chini pia, na Kenya ina sheria yake ya vilipuzi inayohusu baruti. Akuletee seti ya mabomba, pua na parashuti, ambazo ni karatasi na plastiki tu, nawe ujifunze kufunga kichala na kupima vitovu. Kuhusu mota, uliza kwanza kwa mamlaka ya vilipuzi kabla ya kuagiza chochote.

Swali kutoka Columbus: Mota moja isiyowaka ikirudi na roketi, nifanyeje nayo?

Usiitumie tena, dada, kwa sababu imepigwa na gesi ya wenzake na huenda ina nyufa zisizoonekana. Acha roketi ilale dakika moja kabla ya kuigusa, itoe mota bila kuielekeza usoni kwa mtu, ondoa kiwashio, kisha itumbukize kwenye ndoo ya maji mpaka ganda la karatasi lilegee na baruti isambaratike. Kiwashio chake usikitupe: kipime kwa mita, utajua kama kosa lilikuwa la kiwashio au la mikono iliyosokota nyaya.