Namna ya Kujijenga Kuwa Mbunifu wa Mwili wa Kesho

Anayetaka kufanya ubunifu katika transhumanizimu, yaani fikra inayodai kwamba binadamu anaweza kuushinda uzee na udhaifu wa mwili kwa msaada wa sayansi, na aanze kwa kuuchunguza mwendo wa Natasha Vita-More, Mmarekani aliyeandika tamko la sanaa ya fikra hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1980. Andika tamko lako pia, liwe fupi, lakini usitue hapo, kwa kuwa wengi huishia kwenye tamko na kubaki wasemaji tu.

Kazi yenyewe ni kuichora hoja. Mwaka 1997 Vita-More alitoa Primo Posthuman, mchoro wa mwili mzima ulioandaliwa mithili ya tangazo la bidhaa: upande mmoja mwili wa karne ya 20, unaochakaa na kufungwa na jeni za kurithi, upande wa pili mwili ambao jeni zake hubadilishwa na viungo vyake huboreshwa. Nawe chagua kiungo kimoja, tuseme ngozi, uigawe karatasi safu mbili; ya kwanza iorodheshe yale yanayoishinda ngozi leo, ya pili mapendekezo yako, kisha ueleze kila pendekezo litatengenezwa kwa nyenzo gani, litapata wapi nishati, na nani atalirekebisha likiharibika. Swali hili la mwisho ndilo linaloumbua michoro inayopendeza macho tu. (Primo yenyewe, kwa maoni yangu, ilikuwa hodari wa kuuliza kuliko kujibu.)

Masomo yanaweza kufuata baadaye. Vita-More alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, akiwa amepita miaka 60.

Hatimaye tafuta dhana moja inayoubeba mchoro wako, uipime pamoja na mtu wa maabara. Kwa mfano, wanaohifadhi miili ya wafu kwa baridi kali, wakitumaini itarudishiwa uhai siku moja, hudhani kumbukumbu haitapotea. Vita-More na Daniel Barranco waliwazoesha harufu minyoo wa C. elegans, ambao wakikomaa huwa na seli za neva 302 tu, wakawagandisha, wakawarudishia uhai, wakakuta bado wanaikumbuka. Walichapisha matokeo hayo mwaka 2015, nayo hayathibitishi lolote kuhusu ubongo wa binadamu. Kwa hiyo unapoandika ripoti yako, taja waziwazi ulimpima kiumbe gani na kumbukumbu ya aina gani.