Kununua seti ya kwanza ya gofu Dar bila kupigwa, hatua kwa hatua

Kuna mdogo wangu wa kazini ameanza gofu pale uwanja wa Lugalo, na si unajua mtu akishapiga mipira miwili mitatu ikaruka vizuri, kesho yake anataka draiva (fimbo ndefu ya kupiga mbali) ya bei ya pikipiki. Nimemtuliza, tumezunguka naye mpaka kapata seti ya maana, sasa wengine nao wananiuliza kila siku ndo maana naandika. Hii ni kwa anayeanza, ana hela ya kawaida na hana shida na mtumba. Kama una hela ya seti mpya na ya kupimwa kwenye mashine, nenda kapimwe tu.

Hatua ya 1: Punguza orodha

Sheria inaruhusu fimbo 14 kwenye begi. Hiyo ni mwisho, hujalazimishwa. Anza na nane: aironi (fimbo za kichwa cha chuma) 6, 7, 8, 9, pitching weji na sand weji (za karibu, zinazonyanyua mpira juu), haibridi moja (ya mbali, rahisi kuliko aironi ndefu) na puta (ya kusukuma mpira shimoni). Draiva iache kwanza. Najua hutanisikiliza hapa, lakini ndo fimbo ngumu kuliko zote na ndo inayokula hela kuliko zote.

Hatua ya 2: Upande na urefu

Kama ni mashoto sema mapema, maana fimbo za mashoto hapa mjini ni za kutafuta kweli kweli. Urefu, kama wewe ni mtu wa wastani chukua saizi ya kawaida. Ukiwa mrefu sana au mfupi sana, au una mikono mirefu, fuata mtu anayefundisha akuangalie umesimama na fimbo.

Hatua ya 3: Shafti

Kwenye shafti, yaani mti wa fimbo, utaona herufi za ugumu wake: L ya wanawake, A ya wazee, R ya kawaida, S ngumu, X ngumu zaidi. Vijana wote wanataka S kwa sababu wanaona aibu kusema R. Kama aironi 7 yako haifiki mita 140 hewani chukua R, basi. Chuma au grafiti (nyuzi za kaboni)? Kwa aironi mimi ni mtu wa chuma, ni bei nafuu, inavumilia na ukikagua huhitaji utaalamu. Grafiti nyepesi inamfaa mwenye maumivu ya viwiko au mwenye swing (mzungusho wa kupiga) ya taratibu.

Hatua ya 4: Pa kuzipata

Makedi, wale wanaobeba mabegi ya wachezaji. Kedi anajua nani kanunua seti mpya na ya zamani iko stoo inakula vumbi. Ongea naye vizuri, akikuunganisha usimsahau. Ukipelekwa kwa mwanachama anza na "shikamoo mzee, nimesikia una seti unataka kuiachia", halafu usianze kuvutana bei wakati yuko tii ya kwanza (pa kuanzia mchezo), subiri amalize raundi kakaa na kinywaji chake, utashangaa bei inavyolegea. Kuagiza nje inawezekana, ila piga hesabu ya usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 18 kabla hujashangilia bei ya kwenye simu. Nafuu zaidi ni ndugu anayekuja likizo na begi.

Muuzaji wa mtandaoni anayetumia picha za katalogi, mwambie apige picha za fimbo zenyewe zimelala sakafuni. Akikataa, achana naye.

Hatua ya 5: Kukagua seti

Hapa tulia, hapa ndo tulimaliza jioni nzima na yule bwana mdogo, na seti mbili tulizikataa. Tatizo la mtumba wa gofu siyo kuzeeka, aironi inakaa miaka na miaka (Eye 2 za kampuni ya Ping zilitoka 1982 na bado watu wanapiga nazo), tatizo ni kwamba unachoambiwa ni seti kumbe ni fimbo za watu watatu zilizokutanishwa juzi.

Kwanza zisimamishe ukutani kwa kufuatana, 6, 7, 8, 9, vichwa chini sakafu iwe sawa. Juu kwenye gripu (pa kushikia) lazima upate ngazi, kila fimbo inashuka kama nusu inchi kutoka iliyotangulia, yaani sentimita moja na kidogo. Ukiona 7 na 8 zinalingana, kuna moja imekatwa au shafti imebadilishwa. Beba futi ya fundi cherehani, aironi 7 ya mwanaume huwa karibu inchi 37. Ila angalizo, ikiwa zote ni fupi kwa kiasi kilekile inawezekana mwenyewe alizikata makusudi kwa sababu ya kimo chake, hapo siyo mbovu, ni kwamba siyo zako.

Halafu angalia shafti. Za chuma nyingi zina vingazi vidogo vidogo vinavyoshuka, mpangilio wake na stika vifanane kwenye seti nzima. Shafti iliyobonyea usichukue hata kama ni kidogo, hapo ndo itakatikia. Grafiti pitisha ukucha polepole, ukikwama kuna ufa. Tikisa kila fimbo karibu na sikio, ikilia ndani kuna gundi au kitu kimeachia. Shika kichwa uzungushe kama unafungua kifuniko, kikicheza hata kidogo irudishe. Na kile kipete cheusi kati ya kichwa na shafti, kikiwa kimepanda juu muulize imerekebishwa lini na nani.

Kama ni Ping una bahati, kila aironi imegongwa serial namba shingoni na namba inatakiwa iwe moja seti nzima. Pia kuna nukta ya rangi, inaonyesha pembe ambayo kichwa kimekaa na shafti: nyeusi ni ya kawaida, nyekundu imelala zaidi, bluu imesimama zaidi. Anayeanza tafuta nyeusi. Brandi nyingine hazina nukta, kwa hiyo jipime mwenyewe: chora mstari wa wima kwenye mpira kwa maka peni, uweke mstari uangalie uso wa fimbo, piga, halafu soma alama iliyobaki usoni. Ikiwa wima, safi. Juu ya mstari ukiegemea kwenye ncha ya kichwa, fimbo imesimama mno kwako, na kama unapiga kulia mipira itakimbilia kushoto. Ukiegemea upande wa shingo ni kinyume chake. Piga mitano sita, mpira mmoja hausemi kitu, na kama swing yako bado inabadilika kila wiki usikimbilie kuzikunja fimbo, hasa zile za kumiminwa kwenye kalibu, zinaweza kuvunjika.

Feki: sumaku. Draiva ya titani haishiki sumaku usoni, pima usoni siyo chini kwa sababu chini kuna skrubu na vyuma vya uzito. Usipime aironi hivyo, chuma chake kinaweza kushika na bado ikawa orijino.

Hatua ya 6: Lofti za weji

Lofti ni pembe ya kulala kwa uso wa fimbo, ndo inayoamua mpira upande juu kiasi gani. Hapa watu wengi hawaangalii. Aironi za zamani pitching weji ilikuwa kama nyuzi 48. Za sasa utakuta 44 au hata 43, wamezisimamisha nyuso ili useme aironi yako inafika mbali. Sasa ukichukua seti mpya mpya na sand weji ya 56 kuna pengo la nyuzi 12 katikati na utakuwa unapiga nusu swing kila ukifika mita 80. Uliza lofti ya pitching weji kwanza, kisha jazia katikati, mfano 50. Sand weji yenyewe, kiangazi viwanja vinakauka vinakuwa kama saruji, ile yenye tumbo kubwa chini inadunda na kuupiga mpira kichwani. Chukua ya wastani.

Hatua ya 7: Vilivyobaki

Puta shika unayoipenda, ila mtindo wa Anser (puta ya Ping) wa 1966 unaigwa na kila kampuni hadi leo na kuna sababu. Gripu zikiteleza badilisha zote kwa mpigo. Glavu nunua mbili, moja ikilowa jasho unavaa nyingine. Mipira nunua ya kuokotwa, kwa mwaka wa kwanza mingi itaishia majini au vichakani.

Begi zima toa kwenye buti ukifika nyumbani, joto la gari lililoanikwa juani linalegeza gundi ya vichwa, na kama unakaa karibu na bahari futa vichwa na kitambaa kikavu kila ukitoka uwanjani, hasa weji.