Ekari Ngapi za Mahindi, Ngapi za Maharage? Amua kwa Grafu Kabla ya Kupanda

Wakulima wengi wa mahindi na maharage hugawa shamba kwa mazoea, au huongeza ekari za zao lililopata bei nzuri msimu uliopita. Uamuzi huo unaweza kupimwa kwenye karatasi ya grafu kabla jembe halijaingia shambani, na kazi yenyewe inahitaji rula, penseli na hesabu za kawaida tu.

Tuchukue familia yenye ekari 10, mtaji wa shilingi 4,200,000 na nguvukazi ya siku 240 kwa msimu. Ekari ya mahindi inahitaji shilingi 600,000 za pembejeo na siku 20 za kazi, na inaacha faida ya shilingi 500,000. Ekari ya maharage inahitaji shilingi 300,000 na siku 30, na inaacha faida ya shilingi 400,000. Hizi ni takwimu za mfano. Za kwako zitoke kwenye daftari lako la shamba, kwa sababu makadirio ya kubahatisha yatazaa jibu la kubahatisha.

Ekari za mahindi tuziite x, za maharage y. Kwa upande wa ardhi, x + y isizidi 10. Kwa upande wa mtaji, 600,000x + 300,000y isizidi 4,200,000, na tukigawanya kote kwa 300,000 tunabaki na 2x + y isiyozidi 14. Kwa upande wa nguvukazi, 20x + 30y isizidi 240, yaani 2x + 3y isizidi 24.

Weka mahindi kwenye mhimili wa mlalo na maharage kwenye mhimili wa wima. Mstari wa mtaji unaanzia 7 kwenye mahindi na kufika 14 kwenye maharage. Wa nguvukazi unatoka 12 hadi 8. Wa ardhi unatoka 10 hadi 10. Tia kivuli sehemu iliyo chini ya mistari yote mitatu kwa pamoja. Kila mpango unaowezekana umo ndani ya kivuli hicho, na faida kubwa kuliko zote hupatikana kwenye mojawapo ya kona zake.

Ukilima mahindi peke yake, ekari 7, unapata shilingi 3,500,000. Maharage peke yake, ekari 8, yanatoa 3,200,000. Pale mstari wa mtaji unapokatana na wa nguvukazi kuna ekari 4.5 za mahindi na 5 za maharage, na faida ni shilingi 4,250,000. Nukta hiyo usiisome kwa macho tu. Tafuta jibu lake kwa milinganyo yenyewe, maana unene wa penseli unaweza kukupotosha.

Sasa utazame vizuri mstari wa ardhi, kwani hapa ndipo grafu inapomfaa mkulima zaidi: haugusi kivuli popote. Mpango bora unatumia ekari 9.5, na nusu ekari inabaki. Familia hii ikikodi shamba la ziada itakuwa imetupa fedha, ilhali siku 10 za kazi zikiongezeka faida inapanda kwa shilingi 75,000. Kwa hiyo, kibarua anayelipwa baada ya mavuno (maana mtaji wote umeshatumika) ana tija iwapo ujira wake kwa siku hauzidi shilingi 7,500.

Bei ikiyumba, si lazima mpango ubadilike. Faida ya maharage ikibaki 400,000, kona ileile inaendelea kuwa bora mradi faida ya ekari ya mahindi iwe kati ya takriban shilingi 267,000 na 800,000.

Nguvukazi inahitaji uangalifu wa pekee. Siku 240 za msimu mzima zinaweza kuonekana tele, kumbe palizi ya mahindi na ya maharage zimeangukia majuma yaleyale. Ikiwa ndivyo ilivyo kwako, chora mstari mwingine wa siku za kipindi cha palizi peke yake. Huenda ndio utakaoamua. Vivyo hivyo, kama nyumbani hamwezi kuishi bila ekari 2 za mahindi ya chakula, chora mstari wa wima kwenye 2 na ufute kivuli kilicho kushoto kwake. Ukiongeza zao la tatu, kama alizeti, karatasi haitatosha, na hapo itumike njia ya simpleksi, yaani hesabu inayopita kona hadi kona kutafuta iliyo bora, aliyoibuni mwanahisabati George Dantzig mwaka 1947, ambayo programu za lahajedwali kwenye kompyuta huikokotoa.